Kubadilisha tairi la pikipiki lililoisha: gharama zake zote na kazi yake hatua kwa hatua, kwa sisi wa Unguja na Pemba

Jamaa zangu, swali la "tairi la nyuma shilingi ngapi" haliishi, na kila anaejibiwa bei ya tairi peke yake anarudi analalamika. Mmoja kaenda Darajani na pesa ya tairi tu mkononi, alafu kwa fundi ikabidi akope ya tyubu na ya kazi. Mwengine kafunga tairi jipya na tyubu ya zamani, siku mbili pancha. Mwengine katoka Makunduchi mpaka mjini kununua, karudi na namba 18 wakati ringi yake 17, na duka halipokei tena kwa sababu tairi lishavutwa vutwa na leva.

Kwaiyo leo naandika kila kitu, pesa na kazi yenyewe, mana huku kwetu pesa nyingi haipotei kwenye kununua tairi, inapotea kwenye kulifunga vibaya. Soma mpaka mwisho kabla hujatoka nyumbani.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Hata kama fundi ndo atafanya kazi, hivi vijue:

- Tairi lenye namba sahihi (hatua ya 2 inaeleza)
- Tyubu mpya ya namba hio hio
- Mkanda wa ringi, ule wa mpira unaofunika vichwa vya spoki kwa ndani
- Kotapini mpya za ekseli na za breki, ni vitu vya bei ndogo sana
- Leva za tairi, angalau mbili, tatu bora, na ncha zake ziwe za duara hazina ukali
- Spana za nati za ekseli, pande zote mbili
- Maji ya sabuni na kitambaa
- Poda ya kawaida ya mtoto
- Msasa na brashi ya waya
- Pampu au kompresa, na geji ya upepo
- Grisi kidogo
- Simu yenye chaji, kwa ajili ya picha

Geji wengi wanaidharau, wanabonyeza tairi kwa kidole gumba wanasema "liko poa". Kidole hakiwezi kukwambia kama ni 20 au 32 (namba hizi ni PSI, kipimo cha upepo kwenye geji), na hio tofauti ndo inayoamua tairi likae miezi mingapi.

## Hatua ya 1: Hakikisha tairi limeisha kweli, na kwa nini limeisha

Piga stendi kubwa, zungusha gurudumu polepole kwa mkono huku unaangalia. Kwenye ubavu wa matairi mengi kuna herufi TWI au kialama kidogo cha pembetatu. Ukifuata kialama hicho kwenda juu kwenye maua utaona ndani ya mfereji kuna kituta kidogo cha mpira. Maua yakiwa sawa sawa na kituta hicho tairi limeisha, hakuna mjadala.

Alafu angalia na haya, yakiwepo hata moja badilisha japo maua bado yapo:

- Nyuzi zinaonekana, popote pale
- Ubavu umepasuka pasuka au umevimba sehemu moja
- Kuna mkato ambao ukiufungua kwa vidole unaona ndani. Njia zetu za shamba zenye jiwe la matumbawe zinafanya hivi sana, jiwe linakata mpira kama panga na wewe hujui mpaka siku limepasuka

Sasa muhimu, angalia limeliwa wapi. Likiliwa katikati tu na kando bado maua yapo, mara nyingi ulikuwa unajaza upepo kupita kiasi, au chombo chako kinakula lami moja kwa moja kutwa nzima. Likiliwa kando zote mbili katikati pamebaki, upepo ulikuwa mdogo au unapakia sana. Likiliwa upande mmoja tu gurudumu lako halijakaa sawa, na ukifunga jipya bila kurekebisha hilo nalo litaliwa vile vile, umetupa pesa.

Likiwa limeliwa viraka viraka, pametoka hapa pale pamebaki, angalia ringi kama imepinda, na beringi.

Hatua hii imekamilika ukiweza kumwambia mtu kwa sentensi moja kwa nini tairi lako limeisha.

## Hatua ya 2: Soma ubavuni, piga picha

Usiende dukani ukasema "nipe la Boxer la nyuma" au "nipe la TVS". Modeli ziko nyingi, ringi zinatofautiana, na chombo kilichopita mikono mitatu huenda kishabadilishwa ringi zamani. Soma mwenyewe.

Mfano ubavuni pameandikwa 3.00-17 50P 6PR. Maana yake:

3.00 ni upana kwa inchi. 17 ni ringi, pia kwa inchi, na hapa hapana "itaingia tu", 17 haiingii kwenye 18 na 18 inacheza kwenye 17. 50 ni uzito ambao tairi linaweza kubeba, 50 ni kilo 190. P ni mwisho wa spidi, kilomita 150 kwa saa. 6PR ni uimara wa ngozi yake, na anaepakia abiria au gunia za mkaa asikubali kushuka chini ya ile iliyokuja na chombo.

Tairi la mbele mara nyingi ni jembamba zaidi, kwa mfano 2.75-17 lenye 41P, na 41 ni kilo 145 tu. Ndo mana lile la mbele halifai kupelekwa nyuma hata kama bado zima na ringi ni sawa. Nshaona watu wanafanya hivyo kuokoa pesa alafu wanapakia abiria wawili, jamani hapana.

Ukikuta namba za mtindo mwengine kama 100/90-17, ile 100 ni upana kwa milimita, na 90 ni asilimia ya kimo ukilinganisha na upana. Usibadilishe kutoka 3.00 kwenda 100/90 kwa sababu tu linaonekana nene zuri. 3.00 ni kama milimita 76, kwaiyo unaongeza zaidi ya sentimita 2, na kwenye baadhi ya vyombo litasugua kava la cheni au swingamu, yale mabomba mawili ya chuma yanayoshika gurudumu la nyuma.

Wenye Vespa za zamani zile za gia za mkono, wengi namba yenu ni 3.50-10 na mbele na nyuma ni sawa, ile ya akiba pia. Nyie mna bahati, mnaweza kuzungusha matairi matatu. Ila nina onyo lenu kubwa hatua ya 6.

Angalia pia kama pameandikwa TUBELESS au TUBE TYPE. Ringi ya spoki za kawaida inataka tyubu. Ringi ya kumwaga, ile isiyo na spoki, huenda inatumia bila tyubu, hapo kwenye hesabu unatoa tyubu na mkanda unaweka valvu mpya ya ringi.

Piga picha ubavu wa tairi la mbele na la nyuma, kaa nazo kwenye simu.

## Hatua ya 3: Piga hesabu kabla hujatoka nyumbani

Hapa ndo pa kutulia. Bei zinabadilika, mjini sio sawa na Konde, na wiki ambayo mzigo haujaingia sio sawa na wiki mzigo umeshuka. Kwaiyo nambari ninazoweka ni za mfano wa kupigia hesabu, wewe piga simu maduka mawili matatu uweke za kwako. Kinachotakiwa ushike ni mpangilio wake.

Mfano wa tairi zuri la nyuma:

- Tairi 60,000
- Tyubu 9,000
- Mkanda wa ringi 1,000
- Kazi ya fundi 5,000
- Vitu vidogo, kotapini, grisi, spoki moja mbili 3,000
- Mafuta au nauli ya kwenda dukani 3,000

Jumla 81,000. Unaona, aliekwambia elfu sitini hakukudanganya, ila kakwambia bei ya tairi, hakukwambia gharama ya kubadilisha.

Sasa weka tairi rahisi la 38,000. Vile vyengine vyote havipungui hata shilingi, tyubu ni ile ile, fundi ni yule yule, njia ni ile ile. Jumla 59,000. Umeokoa 22,000 na roho inafurahi.

Tuseme lile zuri likakaa miezi 14 na lile rahisi miezi 7. Kwa miezi 14 umenunua rahisi mara mbili, 118,000. Lile zuri 81,000. Umeongeza 37,000 kwa ajili ya kuokoa 22,000. Na zile siku mbili chombo kiko kwa fundi badala ya barabarani sijazihesabu bado, na kwa mtu wa bodaboda siku ni hela ya chakula.

Ukigawa kwa mwezi, zuri linakula karibu 5,800, rahisi linakula zaidi ya 8,400. Anaefanya kazi kila siku akiweka shilingi 200 tu pembeni kila jioni, miezi 14 ikifika ana 84,000, tairi linaisha na pesa yake ipo. Mie nawaomba vijana wa bodaboda hili mlifanye, mana wengi mnanunua tairi rahisi sio kwa kupenda, ni kwa sababu limeisha siku ambayo mfukoni hamna kitu.

Sio kila tairi la bei kubwa linakaa sana, na kuna ya bei ya kati yanayovumilia vizuri. Njia ya kujua ni kuandika. Siku unayofunga piga picha ya kilomita kwenye dashibodi, siku unayotoa piga tena. Toa moja kwenye nyengine, gawa gharama yote kwa kilomita. Baada ya matairi mawili hutomuuliza mtu tena lipi bora.

### Wa Pemba ongezeni hili

Mara nyengine namba yako Chake au Wete hakuna, inabidi iagizwe Unguja au Dar. Ongeza pesa ya mzigo kwenye boti na hamali, na zile siku za kusubiri. Ndo mana Pemba tairi lisingojwe mpaka nyuzi, likikaribia kile kituta cha TWI agiza. Agiza tairi, tyubu na mkanda kwa pamoja ili usilipie mzigo mara mbili. Na kwa vile vilima vya kwenu na udongo unavyoteleza wakati wa masika, chukueni maua yenye mifereji ya kina na vizuizi vya kando, msichukue yale laini ya lami tupu.

## Hatua ya 4: Dukani

Usende Ijumaa adhuhuri, maduka yanafungwa kwa sala, na baada ya hapo kuna haraka. Asubuhi siku ya kazi ndo vizuri, muuzaji ana muda na wewe una mwanga wa kuangalia.

Ukipewa tairi fanya haya kabla hujatoa pesa:

Tafuta tarehe. Kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mara nyingi mwisho wa mstari ulioanza na DOT. Ikiwa 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka. Huku kwetu hili lina uzito wake, mana kuna matairi yanatundikwa nje ya duka juani mwaka baada ya mwaka, mpira unakauka, likifungwa linapasuka ubavu kabla maua hayajaisha. Likizidi miaka mitano mie siliungi mkono hata kwa punguzo.

Likunje ubavu kwa mikono miwili. Ukiona vipasuko vidogo vidogo kama nywele, rudisha.

Angalia mdomo wa tairi, ile sehemu ya ndani yenye waya inayokaa kwenye ringi. Isiwe imepinda wala kuchanika. Tairi lililofungwa kamba kwa nguvu kwenye safari linaweza kuwa limepinda hapo, na halitokaa sawa kwenye ringi.

Linganisha namba na picha yako. Soma tarakimu moja moja, usisome haraka.

Tyubu ifungue kwenye boksi. Namba yake isomeke mfano 2.75/3.00-17, na valvu iwe imeshikana vizuri na mpira.

Bei iulize ya vitu vyote kwa pamoja, tairi na tyubu na mkanda, alafu ndo uombe apunguze. Muuzaji ana nafasi zaidi ya kukupunguzia kwenye furushi kuliko kwenye kitu kimoja, na hata akigoma bei anaweza kukutilia mkanda bure. Chukua risiti, na kubaliana nae kwa mdomo kwamba kama namba haikuingia na tairi halijaguswa na leva, unarudisha.

Matairi ya mtumba, nasema wazi, nyuma ya chombo cha abiria usifunge. Hujui lilikaa wapi wala liligonga nini.

## Hatua ya 5: Elewana na fundi kwanza

Kabla hajashika spana muulize: kazi shilingi ngapi, na hio ni pamoja na kutoa gurudumu na kurudisha, au ni kutoa tairi kwenye ringi tu? Kuna tofauti. Ukimpelekea gurudumu tayari umeshalitoa mwenyewe, kazi inashuka.

Muulize pia tyubu ikibanwa wakati wa kufunga nani analipa. Fundi mzuri atasema "hio juu yangu". Anaekasirika kwa swali hili, chukua chombo chako nenda kwa mwengine, na usione haya.

Alafu kaa hapo hapo. Usende kunywa kahawa barazani ukarudi kazi imeisha.

## Hatua ya 6: Kutoa gurudumu na tairi la zamani

Chombo kwenye stendi kubwa, sehemu tambarare. Piga picha pande zote mbili za gurudumu la nyuma, ukitaka kurudisha utajua kila washa ilikaa wapi.

Kwenye swingamu kuna alama za mistari karibu na ekseli, angalia ziko ngapi kila upande. Legeza nati ya fimbo ya breki, fungua kile chuma kirefu kinachoshika sahani ya breki, toa kotapini, legeza nati ya ekseli, legeza virekebishi vya cheni, vuta ekseli. Sukuma gurudumu mbele, toa cheni kwenye sproketi, gurudumu linatoka. Vipira vya dampa vilivyo ndani ya habu viangalie hapo hapo, vikiwa vimelika ni wakati wa kubadilisha.

Toa kipini cha ndani cha valvu, upepo wote utoke mpaka mwisho. Kanyaga ubavu kwa kisigino uachie ringi pande zote mbili, alafu ndo leva. Paka maji ya sabuni kwanza.

Onyo kwa wenye Vespa. Ringi yenu ni vipande viwili vilivyoshikwa na nati. Usilegeze hata nati moja ya kuunganisha vipande hivyo kabla upepo haujaisha wote. Ukilegeza na upepo umo ndani, vipande vinaachana kwa nguvu na vinaweza kukuvunja mkono au kukupiga usoni. Toa kipini, bonyeza tairi, hakikisha halina kitu, ndo ufungue.

## Hatua ya 7: Kagua ringi, hapa ndo pancha za ajabu zinapotoka

Watu wengi wanaoniambia "tairi jipya tyubu mpya na bado pancha" tatizo lao liko hapa.

Sisi tumezungukwa na bahari, chumvi iko kwenye hewa, na anaekaa Nungwi, Paje au Jambiani ringi yake inakula kutu haraka kuliko ya mtu wa Dunga. Kutu inajenga vigamba ndani ya ringi na vigamba vinakata tyubu taratibu. Piga brashi ya waya, malizia na msasa, futa kwa kitambaa.

Pitisha kidole polepole juu ya vichwa vya spoki. Kikikukwaruza, na tyubu kitaikwaruza. Kisage kwa msasa. Alafu gonga spoki moja moja kwa spana ndogo, zote zitoe sauti inayokaribiana, inayotoa sauti ya kufa imelegea.

Mkanda wa ringi mpya uvalishe, tundu lake likae sawa na tundu la valvu. Ukikosa, mkanda unaweza kukatwa kutoka kwenye tyubu ya zamani, ila uwe wa upana sawa na usiwe na viraka.

Tairi la zamani nalo lipekue kwa ndani. Ukikuta mwiba au msumari ujue ulipokaa, na kama tyubu ilitoboka sehemu nyengine kabisa basi sababu ilikuwa ringi.

## Hatua ya 8: Kufunga tairi jipya bila kubana tyubu

Soma hii mara mbili.

Angalia mshale ubavuni unaoonesha tairi linazunguka kwenda wapi. Likifungwa kinyume maua yanasukuma maji ndani badala ya kuyatoa nje, na mvua ya masika utaiona kazi yake.

1. Paka maji ya sabuni mdomo wa tairi pande zote. Mafuta ya injini au grisi usitumie, yanakula mpira.

2. Ingiza upande mmoja wa tairi kwenye ringi. Huu mara nyingi unaingia kwa mikono na magoti.

3. Tyubu mpya ipake poda kidogo, ijaze upepo kidogo tu, iwe na umbo la duara bila kuvimba. Upepo huu mdogo ndo siri yenyewe, tyubu iliyo tupu inalala chini ya leva, tyubu yenye umbo inakimbilia ndani ya tairi.

4. Ingiza valvu kwenye tundu, nati yake ishike uzi kidogo tu, usikaze. Panga tyubu ndani kwa vidole, zunguka mzunguko mzima, pasiwe na mkunjo wala msokoto.

5. Upande wa pili anza sehemu iliyo mbali na valvu, na umalizie kwenye valvu. Unavoingiza, upande ulioshaingia ukanyage kwa goti uzame kwenye lile bonde la katikati ya ringi. Hapo unapata nafasi na leva haitaki nguvu. Ukiona unatumia nguvu nyingi, simama, sio kwamba tairi ni gumu, ni kwamba upande wa pili umepanda kutoka kwenye bonde.

6. Leva ichome kidogo tu, sentimita moja na kitu, ukiipeleka ndani sana inachukua tyubu. Chukua hatua ndogo ndogo, vidole vinne kwa mara.

7. Ukifika mwisho, sukuma valvu juu ndani ya tairi alafu iachie, ili tyubu isibaki imebanwa chini ya mdomo wa tairi hapo.

Tyubu ya zamani usiirudishe. Ishatanuka, ukiiweka kwenye tairi jipya inakunjika, pale penye mkunjo panasuguana mpaka panatoboka. Tyubu ya elfu tisa inawaponza watu wenye tairi la elfu sitini.

Ukitoa tyubu yenye pancha na ukakuta mikato miwili midogo iliyokaa sambamba, ikiwa pancha imetokea siku ile ile ya kufunga, hio ni leva, sio mwiba. Mwonyeshe fundi. Ikitokea baadae baada ya kugonga shimo kwa nguvu, hio ni upepo mdogo.

Imekamilika ukijaza upepo polepole na ule mstari mwembamba wa ubavuni, karibu na ringi, ukaonekana umbali sawa mzunguko mzima. Ukizama sehemu moja, toa upepo, paka sabuni hapo, jaza tena. Usilazimishe kwa kujaza upepo mwingi kupita kiasi.

## Hatua ya 9: Kurudisha gurudumu

Ekseli ifute, ipake grisi nyembamba, hewa ya chumvi inagandisha ekseli mpaka siku nyengine hutoi bila nyundo.

Rudisha kwa kufuata picha zako. Zile alama za swingamu ziwe sawa kushoto na kulia, hapa ndo panapoamua tairi lisiliwe upande mmoja. Cheni icheze juu chini kama sentimita 2 mpaka 3 katikati yake, kitabu cha chombo chako kikisema vyengine fuata kitabu. Kaza ekseli, tia kotapini mpya.

Onyo. Kile chuma kirefu kinachoshika sahani ya breki lazima kirudi, nati ikazwe na kotapini iwemo. Kikisahauliwa, ukikanyaga breki sahani inazunguka na gurudumu, fimbo inapinda au gurudumu linagoma ghafla. Mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole.

Zungusha gurudumu kwa mkono. Lizunguke bure, lisisugue popote, na ukikanyaga breki lisimame.

## Hatua ya 10: Upepo na safari za mwanzo

Jaza kwa geji tairi likiwa halijapata moto. Kwa pikipiki nyingi hizi za 125 na 150, mbele ni karibu 25, nyuma karibu 28 ukiwa peke yako na 32 ukipakia. Kwenye baadhi ya vyombo kuna stika inayosema, na stika ikiwepo ndo ya kufuata.

Kaza nati ya valvu kidogo kwa vidole tu. Ikikazwa kwa spana, siku tairi likiteleza kwenye ringi valvu inang'oka. Weka na kifuniko chake, mchanga wa huku unaingia kwenye kipini upepo unavuja kidogo kidogo.

Tairi jipya linateleza. Lina utando wa kiwandani juu yake, na unaondoka kwa kutembea. Kilomita 100 na kitu za mwanzo usilaze chombo kwenye kona, usifunge breki ghafla, na ikinyesha punguza zaidi. Ukitoka mjini kwenda Nungwi na kurudi unakuwa ushazimaliza.

Kesho yake asubuhi pima upepo tena kabla hujatoka. Ukikuta umeshuka pointi moja sio neno. Ukishuka tano au zaidi, rudi kwa fundi siku hio hio ukiwa na risiti na yale makubaliano ya hatua ya 5, usijaze tu ukaendelea, mana tyubu inayovuja ukiiendesha na abiria inasagika ndani na hapo hata kuziba haizibiki. Baada ya siku chache za kazi angalia tena cheni na nati ya ekseli, alafu upepo upime kila wiki, na kilomita za siku uliyofunga ziandike sehemu ambayo hazitopotea na simu.